Kura ya Bosi

Kanuni ile niliiandika mimi. Nalisema hili mapema, usije ukahangaika kumtafuta mchawi. Iko kwenye daftari la muungano, ukurasa wa nne, kwa wino wa bluu: "Kura ya mtu mwenye ulemavu itatiwa na mkono wake mwenyewe. Mzazi, ndugu au msaidizi hataigusa." Chini yake nilipiga mstari mara mbili, na mstari wa pili ulikaribia kuchana karatasi. Nilikuwa na hasira.

Mimi ni fundi simu. Natembea kwa magongo mawili tangu nina miaka mitano, na mama yangu, Mungu amrehemu, alinisemea mpaka nikaota ndevu. Daktari alikuwa akinitazama mimi kisha anamuuliza yeye, "Anaumwa wapi?" Mama anajibu, "Goti," na mimi nimekwenda kung'oa jino. Nilipopata mchumba, mama alitangulia kwa wazazi wa binti akawaambia wafikirie vizuri, mwanawe hataweza mambo ya nyumba. Alifanya kwa mapenzi, na ndiyo sababu sikuweza hata kumchukia kwa raha. Basi vyama kumi na kimoja vilipoungana, na wazazi wa watoto wasioweza kusema wakabisha hodi, mimi katibu nikawaambia karibuni, lakini mdomo si wenu.

Aliyesimama kunijibu siku ile alikuwa mwanamke mnene kidogo, mwenye pini tatu kwenye kola ya gauni.

"Katibu, mwanangu hasemi neno hata moja. Nisiposema mimi, atasema nani?"

"Atatia kura mwenyewe, dada. Kama mimi."

Nilidhani atanitukana, na wengine ukumbini walikuwa wamejiandaa kumshangilia.

"Sawa," akasema. "Atatia."

Huyo ndiye Mama Vifungo. Ni fundi cherehani, ana chumba kimoja chenye mlango wa mbao mbili kwenye kona, hatua arobaini kutoka kibandani kwangu, na nazijua hatua hizo kwa sababu kwangu mimi kila hatua ina hesabu yake. Jina alilipata kwa tabia yake. Mfuko wa aproni yake hauishi vifungo, na akiona shati lako limepungukiwa kimoja anakusimamisha palepale barabarani. "Simama hapo. Unatembea kifua wazi, kwani umefungua duka?" Anakishona shati likiwa mwilini, na ukijaribu kujitetea anakwambia unyamaze, asije akakushona ulimi. Hajawahi kuchukua chochote kwa kazi hiyo.

Mwanawe ana miaka ishirini na minne. Wateja walimwita Bosi, kwa sababu hukaa kwenye kiti mlangoni, mikono kifuani, akitazama wenzake wanavyofanya kazi. Mtu hapiti bila kumwamkia: "Shikamoo, bosi, leo mshahara vipi?" Yeye hucheka. Hasemi. Wataalamu waliandika kwamba akili yake ni ya mtoto wa miaka miwili, mimi sijui akili hupimwa kwa kijiko gani. Ninachojua ni kwamba mama yake humlisha, humwogesha, humbadilisha nguo, na kila asubuhi humnyanyua kutoka kwenye beseni, kilo sabini za mwanamume mwenye sabuni mwilini.

Kazi moja tu Bosi anaiweza, nayo anaiweza kuliko mtu yeyote. Kifungo kikianguka sakafuni, yeye ndiye hukiona kwanza. Atainuka kwenye kiti chake, polepole, atainama, atakiokota, ataenda mpaka kwenye cherehani na kukiweka katika kiganja cha mama yake. "Ahsante, bosi wangu," mama atasema, na Bosi atacheka mpaka mabega yatikisike. Siku ambazo Mama Vifungo alikuwa na huzuni nilimwona akiviangusha makusudi.

Baba mtu aliondoka mtoto akiwa na miaka mitatu. Alisema anakwenda kutafuta kazi, na inaelekea mpaka leo hajaipata. Dada yake Bosi aliolewa mbali. Alimchukua mdogo wake akae naye wiki moja, siku ya tatu akamrudisha, akalia mlangoni kwa aibu, akaondoka. Mwaka juzi Mama Vifungo alikwenda msibani siku mbili, akamwacha Bosi kwa jirani, mama wa watu, mcha Mungu. Aliporudi alimkuta amefungwa mguu kwenye tendegu la kitanda kwa kamba ya kuanikia nguo. Jirani hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na watoto wadogo na jiko la mkaa, na Bosi alitaka kutoka kumtafuta mama yake. Alama ile ya kamba bado iko kwenye kifundo cha mguu wa kushoto.

Mwaka huu tumbo la Mama Vifungo likaanza kumsumbua. Alinieleza siku alipoleta simu yake iliyoingia maji. Alieleza akiangalia bisibisi yangu, si mimi. Ana uvimbe kwenye kizazi. Lazima utolewe kabla haujasambaa. Atalazwa wiki mbili, kisha wiki sita asinyanyue kitu kizito kuliko birika la chai.

"Nikamuuliza daktari, na mtoto wangu je? Akaniuliza ana umri gani. Nikamwambia ishirini na nne. Akacheka, mdogo wangu. Akasema, huyo si mtoto, mama, huyo ndiye wa kukuuguza."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia ahsante. Nikaondoka."

Tarehe ya kwanza ya upasuaji ilipita akishona sare za shule. Ya pili ikapita. Daktari akampa ya tatu, akamwambia safari hii hakuna nyingine.

Sasa hapo ndipo inapoingia habari ya muungano. Mwaka uliopita tulipeleka halmashauri madai ishirini na matatu. Ofisi inayoshughulikia mambo yetu iko ghorofa ya pili na lifti haipo, kwa hiyo afisa mipango alishuka, akaketi nasi kwenye ngazi, akayasoma yote kwa adabu. Akasema, "Haya yote ni haki yenu. Nianze na lipi?" Tukapiga kelele kumi na moja kwa pamoja. Akaikunja karatasi, na hatukumwona tena. Mwaka huu barua ikaja: leteni mambo matatu tu, kwa mpangilio, kabla ya mwisho wa mwezi ujao.

Matatu! Nani aje kumwambia mwenzake kwamba shida yake ni ya nne?

Mambo yalichujwa mpaka yakabaki saba, na mojawapo lilikuwa la chama cha wazazi: nyumba ya kupokelea. Nyumba yenye vitanda kumi na watu waliofunzwa, ambapo mama akiugua anaweza kumwacha mwanawe wiki mbili, wiki nane, akamkuta salama na bila alama ya kamba. Jingine lilikuwa la viziwi: mkalimani wa lugha ya alama katika wodi ya wazazi. Aliyelibeba ni Msusi, binti kiziwi wa saluni ya jirani. Wakunga walimpigia kelele kwa midomo iliyofunikwa barakoa, asijue kama wanamwambia asukume au asisukume, na mtoto akatoka amekwisha kufa. Lipi kati ya hayo mawili ungeliweka nyuma wewe? Mimi nilishukuru kwamba kazi yangu ni kuandika.

Kura nayo ilitupa tabu. Tulipoinua mikono, wasioona hawakujua nani kainua. Tulipotia maharage kwenye makopo matupu, Mwalimu, mwenyekiti wetu asiyeona, na wenzake wawili walisikia kila punje ilipoangukia, wakajua siri za watu wote. Mama Vifungo ndiye aliyetuokoa. Alichukua makopo saba ya maziwa ya unga, akayatia sponji ndani ili yasilie, akayavika nguo kila moja kitambaa chake: jinzi, kodrai, gunia, ngozi bandia, sufu, satini, taulo. Asiyeona anapapasa anajua, kiziwi anaona, na kifungo kinaanguka kimya. Mkalimani alipata satini. Nyumba ya kupokelea ilipata taulo.

"Kwa nini taulo?" nikamchokoza.

"Bosi analipenda taulo. Usinikazie macho, katibu, si rushwa. Kila chama kimechagua nguo yake."

Kila chama kilipewa vifungo vitatu, ukitaka uvitie vyote kopo moja. Wazazi walimteua Bosi avitie vya kwao, na kwa wiki tatu mama yake alimfundisha. Nilikuwa naona yote kutoka kibandani. Mwanzoni Bosi alikipeleka kila kifungo palepale alipozoea, kwa mama. Akimrudishia, analeta tena. Akificha kiganja, anakitafuta. Mwishowe mama akagundua dawa: aliikalia mikono yake. Alikaa kwenye kigoda, mikono chini ya mapaja, na Bosi alipozunguka akakosa mahali pa kuweka, akaenda kwenye kopo la taulo, akalipapasa, akatumbukiza. "Ahsante, bosi wangu!" Bosi akacheka. Wiki ya tatu alikuwa anatia kumi kwa kumi, na Mama Vifungo akaanza kutembea kama mtu aliyekwisha kupasuliwa na kupona. Alinionyesha begi alilolipanga chini ya meza ya kukatia: kanga mbili, sabuni, kandambili.

Tulikutana Jumamosi asubuhi katika darasa la shule, kwa kuwa halina ngazi. Makopo yalipangwa juu ya dawati mbele. Chama kimoja kimoja kikaenda. Chama cha wazazi kilikuwa cha mwisho. Bosi alivaa shati jeupe lenye vifungo vyote, nywele zimechanwa kwa maji. Mama yake aliketi mstari wa mbele, akaikalia mikono. Mimi nilimpa Bosi kifungo cha kwanza, maana katibu ndiye mgawaji.

Alikigeuza-geuza. Akamwangalia mama yake. Akayaangalia makopo. Akaenda, akapapasa gunia, akaliacha, akafika kwenye taulo, akatia. Kifungo cha pili alikwenda moja kwa moja, hakupapasa hata kopo jingine.

Hapo viziwi walishindwa kujizuia. Viziwi hawapigi makofi. Huinua mikono juu na kuitikisa, viganja wazi. Msusi ndiye aliyeanza, na safu yao nzima ikafuata, mikono ishirini hewani kwa ajili ya Bosi, mashindano yamesahaulika. Lilikuwa jambo zuri, na sitamlaumu mtu kwa hilo mpaka nife. Mama Vifungo aligeuka akawaona. Machozi yakamtoka. Naye, kwa furaha, kwa adabu ya kuwajibu, akaitoa mikono chini ya mapaja, akaiinua, akaitikisa.

Bosi alikuwa na kifungo cha tatu mkononi. Aliviona viganja.

Akaja mpaka kwa mama yake, akaushusha mkono mmoja taratibu, akaweka kifungo katikati, akacheka mpaka mabega yakatikisika.

"Amemaliza?" Mwalimu akauliza. Yeye alikuwa amesikia kicheko tu.

Nikamweleza. Akaamuru tuhesabu kwanza, pengine kifungo hicho kisingekuwa na uzito wowote. Mbuzi wa maskini hazai. Jinzi vinane, gunia saba, hayo mawili yamepita. Satini vitano. Taulo vitano.

"Arudishiwe," Mwalimu akasema. "Apewe nafasi tena. Na mama asimwelekeze."

Nikakichukua kifungo kutoka kwa Mama Vifungo. Kilikuwa na jasho. Aliikalia mikono kwa nguvu mpaka mabega yakapanda. Bosi akakipokea, akapita mbele ya makopo yote saba bila kuyaangalia, akapiga magoti mbele ya mama yake, akaanza kuuvuta mkono kutoka chini ya paja.

"Weka kule, baba," akanong'ona. "Weka kule mwanangu, nakuomba."

"Mama usimwelekeze," mtu akasema nyuma.

Bosi akavuta. Mama akabana. Kijana wa kilo sabini akivuta, hakuna mama mwenye uvimbe tumboni atakayebana. Mkono ukatoka, akaukunjua kidole kimoja kimoja, akaweka. Mara ya tatu tulipojaribu ilikuwa vilevile, ila safari hii Mama Vifungo hakubana.

"Katibu," Mwalimu akasema, "kanuni inasemaje?"

Ningeweza kusema kanuni haiko wazi. Ningeweza kusema kwamba mtu akimkabidhi mwenzake kifungo kwa hiari yake, mara tatu, mbele ya mashahidi, basi amemtuma akamtilie. Nililifikiria hilo baadaye, nikiwa kitandani, kama wajinga wote. Pale darasani nilifungua ukurasa wa nne nikasoma. Nilipofika kwenye "hataigusa" sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine.

Kura zikifungana, mwenyekiti ana kifungo chake. Mwalimu alikwenda kwenye dawati akipapasa. Mkono wake ulikaa juu ya taulo muda mrefu, kisha ukahamia kwenye satini.

"Mkalimani ni mtu mmoja na kiti," alisema, akiwa bado ametupa mgongo. "Nyumba ni kiwanja, ni ujenzi, ni wafanyakazi. Tukipeleka nyumba watatuambia subirini bajeti, na tutarudi mikono mitupu kwa yote mawili. Nisameheni."

Mama Vifungo akasimama. Hakupaza sauti.

"Kwa hiyo, Mwalimu, mwenye shida kubwa akae nyuma kwa kuwa shida yake ni kubwa."

Msusi alikuwa akimwangalia mkalimani wetu wa mikutano, na alipofikishiwa maneno yale aliinama akafunika uso. Kura aliyoipigania miaka miwili imepita, na hakuna aliyemtikisia mkono.

"Mwanangu amepiga kura," Mama Vifungo akaendelea. "Mmemwona wenyewe. Mlimuuliza nani atakayemtunza, akawajibu mara tatu. Kanichagua mimi. Andika hivyo, katibu."

Akakitia kifungo kwenye mfuko wa gauni, akamshika Bosi mkono, wakatoka. Mimi niliandika: "Kura moja iliharibika." Ndivyo kanuni inavyotaka. Daftari lile sikulifungua tena mpaka wiki iliyofuata.

Jumatatu nilihesabu hatua zangu arobaini mpaka dukani kwake. Begi lilikuwa bado chini ya meza. Nikamwambia nilichokuwa nimekipanga kusema: aende hospitali, nitakaa na Bosi mimi, wiki zote nane, nifunge kibanda. Aliacha kukanyaga cherehani akaniangalia, kisha akacheka mpaka akashika tumbo.

"Wewe na magongo yako na yeye na kilo zake! Mkianguka bafuni, nani atamwokota nani?"

"Tutatafuta kijana wa kusaidia kunyanyua. Msusi amesema atapika. Mwalimu atashinda naye mchana."

"Kula hali kwa mtu asiyemjua. Kulala halali. Atavunja mlango kunitafuta, mdogo wangu, na nyinyi mtachoka, na mtu mwema mmoja atakwenda kutafuta kamba."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi ni mtu niliyetumia maisha yangu kuukataa msemo huo. Nilisimama pale nikaanza kulia, mtu mzima. Yeye akaniacha nilie, akamaliza pindo alilokuwa analishona, akakata uzi kwa meno.

"Kaa hapo," akasema, akanisogezea kigoda. "Nyoosha mkono. Kiganja juu."

Akaangusha kifungo sakafuni. Yeye akaikalia mikono.

Bosi akainuka. Akakiokota. Akaja kwa mama yake, akatafuta mkono, akaukosa. Akazunguka. Akasimama mbele yangu, akakiangalia kiganja changu, akaangalia uso wangu. Kisha akarudi kitini kwake na kifungo amekikamata ngumini, na hakukiachia mpaka jioni.

Tunafanya hivyo kila siku nikifunga kibanda, saa nzima, kabla jua halijazama. Mama Vifungo amesema Bosi akimpa mtu mwingine kifungo, hata kimoja, hata kwa kukosea, atalibeba begi lake na kwenda. Tarehe ya tatu ya daktari ilikuwa juzi, nayo ikapita. Uso wa Mama Vifungo umepungua, gauni ameliingiza ndani pande zote mbili, na siku hizi Bosi haoshwi kwenye beseni, anaoshwa amekaa kitini kwa kitambaa. Msusi huja siku nyingine, akanyoosha mkono wake pembeni ya wangu. Jana Mwalimu naye alikuja, akaketi, akanyoosha wake. Tulikaa watu watatu tumekinga viganja kama waomba maji, na Bosi akatuangalia mmoja mmoja, akatuacha.

Mkono wangu ulikuwa umekufa ganzi. Nikataka kuushusha.

"Usiufumbe, katibu," Mama Vifungo akasema kutoka kwenye cherehani, bila kugeuka. "Bado anakuangalia."